Ukiombwa kushika kipindi cha mwenzako Kidato cha Kwanza au cha Pili

Kipindi cha sekondari Tanzania ni dakika 40. Anayeshika kipindi cha mwenzake akitumia 10 za mwanzo kujitambulisha na kuuliza "Mmefikia wapi?", darasa limeshamtoka. Watoto wa miaka 13 au 14 hawamjaribu mgeni kwa ubaya; wanataka kujua kama leo kuna kazi au hakuna. Jibu liwe ubaoni kabla hawajauliza.

Kwa hiyo anzia ofisini. Muulize mwalimu wa taaluma mada iliyopo, kisha mwambie monita alete daftari la mwanafunzi anayeandika vizuri. Soma kurasa mbili za mwisho: hizo ndizo za kuaminika, maana azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa mada za muhula, huweza kuwa mbele au nyuma ya darasa. Tunga maswali 5 kutoka humo, matatu ya kukumbuka, moja la kuchora au kukokotoa, moja la kueleza. Kama ni Baiolojia na wamesoma seli, wachore seli ya mmea na kutaja sehemu 6. Usianzishe mada mpya kama mwenye somo hajakuomba. Ukikosea, yeye ndiye atakayehangaika kurekebisha.

Beba chaki zako 3 na dasta. Salimia, andika tarehe, somo, maswali na saa ya kumaliza. Wakishainamia madaftari ndipo uite majina, na uhesabu vichwa pia, kwani huitikiana.

Wape dakika 20, na usikae. Anza kuzunguka kutoka nyuma. Penye kelele, simama kando ya dawati, gusa swali kwa kidole, uliza kwa sauti ya chini: "Umefika la ngapi?" Ukipaza sauti, wanafunzi 60 watakushinda. Fimbo iache kabisa: kwa kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi.

Ukimya nao usiuite uvivu. Wengi wa Kidato cha Kwanza wametoka shule za msingi za Kiswahili, na sekondari masomo ni kwa Kiingereza. Soma swali kwa Kiingereza, lieleze kwa Kiswahili, kisha waandike kwa Kiingereza.

Chooni aende mmoja mmoja. Msichana aliyejifunga sweta kiunoni akiomba kutoka, huenda yuko hedhini; mruhusu papo hapo bila kumuuliza mbele ya wenzake.

Madaftari 60 huwezi kuyasahihisha. Dakika 10 za mwisho wabadilishane na jirani, wasahihishe kwa penseli kufuata majibu ya ubaoni, nawe upitie 8 hivi. Ukiulizwa usichokijua, kiandike kwenye kona ya ubao na kwenye karatasi utakayomwachia mwenye somo.

Karatasi hiyo iwe na maswali uliyotoa, wasiokuwepo, na swali lililowashinda pamoja na namna walivyokosea. "Hawakuelewa" haimsaidii, "wengi wamechora kloroplasti ndani ya kiini" inampa pa kuanzia kesho.