Hesabu chawa mapema: namna ya kuwanusuru samoni na trauti wa asili

Chawa wa samoni ni mdudu mdogo wa baharini anayemng'ang'ania samaki na kumla ngozi. Kwa anayefanya kazi kwenye vizimba vya samoni, yaani nyavu za kufugia samaki baharini, nchini Norway, sheria ni kwamba wastani usivuke nusu (0.5) ya chawa jike aliyekomaa kwa kila samaki. Wengi wakisikia hivyo huona hakuna la kuhofia. Sasa piga hesabu. Kizimba kimoja kinaruhusiwa kuwa na samaki hadi 200,000, kwa hiyo ukiwa ndani kabisa ya sheria unaweza kuwa na chawa majike 100,000 kwenye wavu mmoja, na kila jike huburuta nyuzi mbili zenye mamia ya mayai. Mabuu yakianguliwa hupita kwenye matundu ya wavu na kuchukuliwa na mkondo, pengine makumi ya kilomita.

Samaki wako wa kilo 4 atawavumilia chawa wachache. Samoni mchanga wa asili, anayeshuka kutoka mtoni na kuingia baharini kwa mara ya kwanza, ana gramu 20 hivi, na chawa kumi tu wanaweza kumuua. Wanamla ute, ngozi na damu, na mwili uliochubuka hauwezi tena kuhimili chumvi ya bahari. Huyo ndiye unayemlinda unapohesabu chawa.

Samoni hao wachanga hushuka majira ya kuchipua. Ndiyo maana kiwango hupunguzwa hadi 0.2 kuanzia wiki ya 16 ya mwaka hadi ya 21 upande wa kusini, na wiki ya 21 hadi ya 26 kaskazini. Ushauri wangu ni huu: usisubiri wiki hizo zifike. Katika maji ya nyuzi joto 10, chawa jike huchukua takribani wiki saba kukomaa, na kwenye maji baridi zaidi huchukua muda mrefu kuliko huo. Majike utakaowakuta wanataga mwezi Aprili walishashika samaki wakati wa baridi. Kazi ya kuwapunguza ifanyike Februari na Machi.

Kila kitu kinategemea hesabu ya haki. Maji yakifikia nyuzi joto 4 au zaidi, hesabu ni kila siku saba. Usiwachukue samaki wanaozubaa juu ya maji pembeni mwa kizimba kwa sababu tu ni rahisi kuwakamata. Hao mara nyingi ni wadhaifu na hawawakilishi wenzao, hivyo wakusanye waliochanganyika, waliovutwa kutoka chini. Walaze kwenye beseni lenye dawa ya usingizi, kisha mgeuze kila mmoja taratibu: mgongoni, nyuma ya mapezi, karibu na tundu la haja. Jike aliyekomaa ni wa kahawia, ana urefu wa milimita 10 hivi, na nyuzi zake za mayai huonekana zikining'inia nyuma. Wadogo walioganda kwenye ngozi ni kama vitone, wanataka mwanga mzuri na subira. Ukimaliza, chungulia na beseni lenyewe. Chawa walioachia samaki wakabaki kwenye maji nao wamo kwenye hesabu, na hapa ndipo wengi hukosea wakiwa na haraka.

Kuzuia ni bora kuliko kuogesha, yaani kuwapitisha samaki kwenye dawa au maji ya kuwaondoa chawa. Mabuu yanayotafuta samaki hukaa zaidi tabaka la juu la maji, kwa hiyo sketi ya turubai inayozungushiwa kizimba hadi mita 5 au 10 huwapunguza sana. Ila pima oksijeni ndani yake kila siku. Dawa zimetumiwa mno hadi chawa wengi wamezizoea, ndiyo maana siku hizi wafugaji hutumia maji ya moto, mashine za kusugua au maji yasiyo na chumvi. Njia hizo huwaumiza samaki, na wengine hufa. Mkizitumia, hakikisha maji yanapita kwenye chujio na chawa waliong'oka wanakusanywa. Kuwamwaga baharini ni kuwahamishia kwa jirani.

Na jirani ni muhimu kweli. Sheria inataka eneo lipumzishwe, yaani libaki bila samaki, angalau miezi miwili baada ya mavuno, lakini kupumzisha peke yako wakati vizimba vya jirani vimejaa hakukufikishi mbali. Pangeni pamoja tarehe za kupandikiza, za kuogesha na za kupumzisha.

Trauti wa baharini, samaki wa jamii moja na samoni, ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu kalenda ile ya wiki za 0.2 ilipangwa kwa kumfuata samoni. Samoni mchanga hupita tu, akielekea bahari kuu. Trauti hubaki karibu na pwani, humo humo kwenye ghuba zenye vizimba, akila majira yote ya kiangazi. Akizidiwa na chawa hurudi mtoni kabla ya wakati, pezi la mgongoni limeliwa, kwa kuwa chawa huyu hastahimili maji yasiyo na chumvi. Anapona chawa lakini anakosa chakula cha msimu mzima. Kwa hiyo wiki hizo za 0.2 zikipita na sheria ikakurudisha kwenye 0.5, baki kwenye 0.2 mpaka mwisho wa Agosti, hasa kama kizimba chako kiko karibu na mdomo wa mto.