Kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle hadi Disneyland Paris bila kupita mjini

Habari zenu wote. Nimeulizwa jambo hili mara nyingi kiasi kwamba nimeona niliandike mara moja, kila mtu alikute hapa. Maswali yaliyoletwa na wenzetu nimeyajibu chini.

Kinachopotosha watu ni jina. Wanasikia "Disneyland Paris", ile bustani ya michezo, wanadhani iko Paris. Iko Marne-la-Vallée, kilomita 32 hivi mashariki ya jiji. Uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle nao uko nje ya jiji, kaskazini mashariki. Anayeingia mjini kwanza ndipo atoke tena kwenda Disneyland ni kama mtu anayetoka chumbani kwenda jikoni kwa kupitia kwa jirani. Kumbe chini ya uwanja wenyewe kuna kituo cha treni ziendazo kasi, TGV, na kutoka hapo hadi mlangoni mwa Disneyland ni dakika kumi tu. Dakika hizo kumi hazina shida. Shida iko kwenye saa mbili zinazozitangulia.

HATUA YA 1: Tiketi, na hapa ndipo nilipoungua

Tiketi ya TGV unanunua mtandaoni kabla ya safari. Kituo cha kuondokea andika Aéroport Charles de Gaulle 2 TGV, cha kufikia Marne-la-Vallée Chessy. Usiandike Disneyland halafu ukachagua chochote kitakachojitokeza. Bei hupanda na kushuka kama ya ndege: anayenunua mapema hupata nafuu, anayengoja analipia kungoja kwake.

Mara ya kwanza nilijiona mjanja. Ndege inatua saa moja na nusu asubuhi, nikanunua tiketi ya treni ya saa tatu kasorobo, ile ya bei ya chini isiyobadilishwa wala kurudishiwa fedha. Ndege ilitua kwa wakati. Foleni ya uhamiaji ndiyo iliyonimaliza. Niliposhuka kituoni na watoto wawili na mabegi matatu, jukwaa lilikuwa jeupe, na treni iliyofuata ilikuwa mbali. Watoto walikula biskuti zote za safari wakiwa wamekaa juu ya mabegi.

Basi kanuni yangu sasa ni hii: kati ya muda wa kutua na muda wa treni acha saa mbili na nusu, na kama unaingia Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja, kwa viza acha tatu. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza kutumia mfumo mpya unaosajili alama za vidole na sura ya mgeni asiye raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wala za Schengen, na anayesajiliwa kwa mara ya kwanza huchukua muda zaidi dirishani. Watoto wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, ila picha wanapigwa, kwa hiyo mwamshe mtoto kabla hamjafika mbele. Na kama tofauti ya bei si kubwa, nunua tiketi inayobadilishika. Huo si ufujaji.

Angalia pia ni treni ya aina gani. Zile za OUIGO ni za bei nafuu, lakini begi kubwa hulipiwa zaidi. Kwenye TGV INOUI, zile za kawaida, kila begi linatakiwa liwe na kibandiko chenye jina lako. Andika kabisa nyumbani, kalamu huwa haionekani siku ya safari.

HATUA YA 2: Kutoka kwenye ndege hadi kituoni

Kituo kiko Terminali 2, katikati ya kumbi za 2C na 2D upande mmoja na 2E na 2F upande wa pili. Fuata alama za treni, si za teksi. Ukishukia 2A au 2B unatembea kidogo. Ukishukia 2G, iko peke yake pembeni, kuna basi la kukusogeza. Ukishukia Terminali 1 au 3, panda CDGVAL, kitreni kisicho na dereva na kisicho na nauli, ushuke kituo cha mwisho, Terminal 2 – Gare. Maji na vitafunio nunua huko juu, maana kule chini upepo ni wa bure na ni mwingi.

HATUA YA 3: Ubao

Hapa nawaomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanaposimama wakitazama treni yao ikiondoka bila kujua ni yao.

Ubao haukuandikii Disneyland. TGV inayopita hapo haikuwekwa kwa ajili yako; inatoka kaskazini inakwenda mbali, na Marne-la-Vallée ni kituo cha njiani tu. Utaona Marseille, utaona Lyon, utaona Rennes. Ukitafuta jina la kule unakokwenda utakesha. Tafuta namba ya treni iliyo kwenye tiketi yako, ilinganishe na ya ubaoni, halafu tazama safu iliyoandikwa Voie. Hiyo ndiyo namba ya jukwaa, na kwa kawaida huonekana dakika ishirini hivi kabla ya treni.

Jambo la pili ni behewa. Tiketi ina Voiture, yaani behewa, na Place, yaani kiti. Mara nyingi hizo si treni moja bali ni mbili zilizounganishwa pua kwa pua, moja ina mabehewa ya 1 hadi 8, nyingine ya 11 hadi 18, na ndani hakuna njia ya kuvuka kutoka moja kwenda nyingine. Wakati mwingine zinaachana mbele ya safari, kila moja na njia yake. Jukwaani kuna herufi, na kuna ubao unaoonyesha behewa lako litasimama kwenye herufi gani. Nenda ukasimame hapo mapema. Mimi nimeona baba mmoja akikimbia urefu wa jukwaa zima na kitoroli cha mtoto, gurudumu moja limeshachomoka, mkewe nyuma amelishika mkononi. Milango hufungwa dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa, na dereva hamsubiri mtu.

HATUA YA 4: Ndani ya treni

Usivue koti. Usipandishe begi juu. Kama mna mizigo mingi, msiingie ndani sana: dakika kumi zinaisha hata hujamaliza kumtuliza mtoto. Treni ikianza tu kupunguza mwendo, simameni karibu na mlango. Ukipitiliza kwenye treni ya Lyon, kituo kinachofuata kinaweza kuwa mwendo wa karibu saa mbili.

HATUA YA 5: Kutoka Chessy hadi hotelini

Ukitoka kituoni, bustani iko mbele yako, kutembea dakika mbili tatu. Watoto wataona na wataanza kuvuta mkono. Kazi ni kwako. Kabla ya kuingia eneo lenyewe kuna ukaguzi wa mabegi.

Disneyland Hotel iko mlangoni kabisa mwa bustani. Hotel New York, Newport Bay Club na Sequoia Lodge ziko kuzunguka ziwa, unaweza kutembea. Cheyenne na Santa Fe ni mbali zaidi, na mtu mwenye mabegi apande basi la bure kutoka kituo cha mabasi kilicho kando ya kituo cha treni. Hoteli nyingine za jirani zina mabasi yao hapo hapo. Soma jina kwenye kioo cha mbele kabla ya kupakia mizigo. Vyumba hutolewa saa tisa alasiri, lakini mizigo unaiacha mapokezi hata ukifika asubuhi, kisha unakwenda zako kucheza.

UKIIKOSA TGV, AU KAMA HAINA NAFASI

Kuna RER, treni za mkoa. Hizi ndizo zilizoniokoa siku ile. Kituo cha RER B kiko pamoja na kile cha TGV. Unapanda B hadi Châtelet–Les Halles katikati ya Paris, unabadilisha kwenda RER A, na unashuka mwisho wa njia, Marne-la-Vallée – Chessy. Weka saa moja na nusu. Tiketi ni moja kwa njia yote, ile ya viwanja vya ndege. Januari 2025 iliwekwa kuwa euro 13, na nauli hizi hupangwa upya mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo hakikisha. Kila mtu na kadi yake ya tiketi, hamuwezi kupita wawili kwa kadi moja. Usiitupe, utaihitaji kutokea.

Tahadhari ni moja tu: RER A ikipita Vincennes inagawanyika. Tawi moja linakwenda Boissy-Saint-Léger, hilo si lako. Hata kwenye tawi lako kuna treni zinazoishia Torcy. Kwenye ubao wa jukwaani taa iwake mbele ya Chessy ndipo upande.

Kuna pia basi la Magical Shuttle kutoka uwanjani hadi hoteli za Disney. Zuri kwa mwenye mizigo mingi, ila linategemea foleni ya barabarani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Mapacha: Asante kwa somo, kaka. Nina mapacha wa miaka mitatu na kitoroli cha watu wawili. RER nitaiweza?

Dada, utaiweza lakini hutaipenda. Châtelet ni pango la watu, lifti zipo ila mpaka uzitafute, na mashine za kupitia zina mlango mmoja mpana tu pembeni. Kwa mapacha ningelipa TGV au basi bila kujiuliza. Habari njema: walio chini ya miaka minne hawalipi RER, na kwenye TGV hawalipi wakikaa mapajani. Sasa wewe una mapaja mawili na watoto wawili, tafuta mtu mzima wa pili.

Begi Moja: Ndege yangu inatua saa tano usiku. Je?

Usipange kwenda usiku huo. Ukishapita uhamiaji TGV zimeshaisha, na RER ziko ukingoni. Lala hoteli ya karibu na uwanja, nyingi ziko Roissypôle ambako CDGVAL inasimama, halafu asubuhi panda treni ukiwa umeoga. Ukilazimika kwenda, ni teksi.

Fundi Cherehani: Nyie mnajitesa. Sisi tulikuwa watano, tukapanda teksi, tukafika. Ukigawanya ni sawasawa na treni.

Hapo nakubaliana nawe nusu. Kwa watu wanne watano wenye mizigo, teksi inaingia akilini. Ila wajue mambo mawili. Ile bei maalumu ya teksi iliyowekwa na serikali ni ya kutoka uwanjani kwenda Paris tu; kwenda Disneyland unalipa kwa mita, na jioni ya foleni mita haina huruma. Pili, panda kwenye foleni rasmi nje. Anayekufuata ndani ya ukumbi akikunong'oneza "teksi, teksi" achana naye. Kiti cha mtoto kwenye teksi sheria haikilazimishi, lakini mwenye mtoto mdogo akiagize mapema.

Babu wa Wajukuu Sita: Mwalimu, nimeweka nafasi Davy Crockett Ranch, vibanda vya msituni. Wajukuu wamefurahi sana. Basi lake napandia wapi? Magoti yangu nayo hayapendi ngazi.

Shikamoo babu. Hoteli hiyo haina basi la bure, imejengwa kwa wenye gari. Kama hutaki kukodi gari, badilisha sasa kabla hujachelewa. Sequoia Lodge ina miti pia, wajukuu hawatanung'unika sana. Kuhusu magoti, kituo cha uwanjani kina lifti hadi jukwaani. Omba msaada wa kiti cha magurudumu kwa shirika lako la ndege angalau saa 48 kabla, na ule wa treni uuombe peke yake, maana wa ndege unaishia uwanjani.

Kiti cha Dirishani: Nikishukia Orly, ule uwanja mwingine wa Paris?

Tangu Juni 2024 metro namba 14 inafika Orly. Panda hadi Gare de Lyon au Châtelet, kisha RER A kama nilivyoeleza. Ila ukiona tiketi ya ndege ya bei ya kutupa, angalia isije ikawa ya uwanja wa Beauvais. Huo nao huitwa wa Paris, na uko kilomita 85 hivi kutoka jijini.

Mama Mapacha: Samahani, narudi tena. Nasikia huko kuna migomo. Nitajuaje?

Tazama jioni ya kabla ya safari, saa kumi na moja. Siku za mgomo ratiba ya treni zitakazotembea kesho yake hutolewa muda huo. Na siku ya kurudi ubao wa Chessy hautakuandikia uwanja wa ndege, utaandika Lille au Bruxelles. Namba ya treni, dada, ile ile ya kwenye tiketi.