Gemu kwa sheria za kibandani, hata ukiwa sebuleni kwako

Naendesha kibanda cha PlayStation (PS) huku Mbagala, na usiku nikishafunga bado nacheza. Wateja wangu wengi wana kazi, wengine wana familia, na kibandani hakuna anayepotelea ndani. Jero yako ikiisha mechi imeisha, unamwachia pedi aliye kwenye foleni. Kasheshe huanza mtu anaponunua mashine yake, au anaposhusha gemu kwenye simu. Nyumbani hakuna wa kumwambia zamu yake imekwisha. Hatua hizi ni za kumrudisha huyo msimamizi bila kuacha gemu.

Hatua ya 1: Pata namba zako

Usikisie. Kwenye Android ingia mipangilio utafute Digital Wellbeing, kwenye iPhone ni Screen Time. PS5 nayo inaonyesha kwenye wasifu wako saa ulizotumia kwa kila gemu. Angalia wiki nzima, maana Jumatatu humfanya kila mtu aonekane mstaarabu. Ziandike mahali. Kwa sasa basi.

Hatua ya 2: Zitenge gemu kwa jinsi zinavyoisha

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo penye kazi yote. Watu hubishana kuhusu saa ngapi kwa siku, wakati kinachovuruga ratiba ni gemu isiyokubali kusimama ukiitwa.

Kuna gemu zinazosimama. Career Mode ya FC, ile gemu ya mpira, dhidi ya kompyuta, au misheni ya GTA ukicheza peke yako: mtoto akilia unabonyeza, unaenda, unarudi unakuta kila kitu kilipo. Hizi ndizo za siku za kazi.

Kuna zisizosimama, yaani karibu zote za mtandaoni. Mzunguko wa Free Fire, gemu ya kupigana risasi, ni kama dakika 10. PUBG Mobile, ya aina hiyo hiyo, kwenye ramani ya Erangel, ukifika mwisho, ni karibu nusu saa. FC mtandaoni ina vipindi viwili vya dakika 6, lakini ongeza kumsubiri mpinzani, marudio ya magoli, na yule bwana anayesimamisha mechi kila akifungwa. Weka dakika 20 ili usijidanganye.

Sasa pima muda ulionao kwa gemu unayotaka kufungua. Una robo saa kabla ya kutoka? Erangel haikuhusu. Ukiingia, ama utachelewa, ama utawaacha wenzako watatu wa skwadi wakipigwa, na hawatasahau.

Hatua ya 3: Nunua mechi kabla ya kuwasha

Kibandani unalipa kwanza. Fanya hivyo hivyo nyumbani: taja idadi ya mechi kwa sauti, mbele ya mtu, kabla hujashika pedi. Mechi ni bora kuliko saa, kwa sababu saa hukuishia ukiwa katikati ya kipindi cha pili na hakuna anayetoka hapo.

Kwangu mazungumzo huwa hivi:

"Baba Nasra, leo ngapi?"

"Mbili, mama. Halafu naoga, tunakula."

"Zikizidi?"

"Zima tivii."

Na huwa anaizima kweli. Ugomvi mwingi wa majumbani unatokana na "nakuja sasa hivi". Aliye jikoni anasubiri dakika moja, aliye kwenye kochi anasubiri filimbi ya mwisho. "Imebaki mechi moja" haimchanganyi mtu.

Sheria ngumu kuliko zote: matokeo hayabadilishi idadi. Aliyefungwa nne bila ndiye anayeomba ya kulipiza, na atakayoicheza akiwa na hasira atafungwa tena. Nawafahamu vizuri hawa, ndio wanaonilipia LUKU kibandani. Ukitandikwa, zima, kalale na uchungu wako.

Skwadi nayo iambiwe mapema. Andika kwenye grupu "mimi mbili tu leo" kabla ya kuanza. Ukisubiri kuaga mwishoni utabembelezwa, na utakubali.

Hatua ya 4: Gemu ikae baada ya vitu vyenye saa

Kazi, swala au ibada, chakula cha pamoja, homuweki ya watoto: hivi vina saa zake, gemu haina. Iweke nyuma yao. Mechi ya mwisho iishe mapema kidogo kabla ya kulala, maana ukitoka kwenye fainali ya roho juu, kitanda hakikusaidii kitu. Simu icharji sebuleni.

Hatua ya 5: Kata ndoano

Gemu za simu za bure zinaishi kwa kukuita. Zawadi ya kuingia kila siku, tukio linaloisha usiku wa leo, pasi ya msimu (zawadi unazofungua kwa kucheza) uliyolipia na sasa unaona lazima uimalize. Zima arifa zote za gemu. Pasi nunua tu kama kwa idadi yako ya mechi utaimaliza, vinginevyo umejinunulia ajira. Pesa ya sarafu za gemu na "skin" za kupamba silaha itengewe kiasi cha mwezi, na usihifadhi kadi ndani ya gemu.

Umeme nao uhesabu. PS5 ikichezwa hula kama wati 200, hivyo saa nne kila siku ni takriban uniti 24 kwa mwezi bila kuhesabu tivii. Kwa nyumba iliyo kwenye ile bei nafuu ya TANESCO yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu theluthi nzima.

Hatua ya 6: Jua mpaka uko wapi

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Haitaji saa. Inatazama kama umeshindwa kujizuia, kama gemu imepita mambo mengine yote, na kama unaendelea huku inakuharibia, kwa kawaida kwa mwaka mzima au zaidi. Ukijiona humo, ratiba haitoshi. Nenda hospitali uonane na mtaalamu wa afya ya akili.

Hatua ya 7: Likizo ya gemu

Wakati wa mitihani, Ramadhani au mtoto akizaliwa, ifute kabisa kwenye simu. Wengi huogopa kupoteza levo zao, lakini kwa gemu za mtandaoni maendeleo yamo kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni ya gemu, si kwenye simu. Hakikisha tu kwanza akaunti umeiunganisha na Google au Facebook. Ukiwa unacheza kama mgeni, unganisha leo ndipo ufute.