Uvute tela lako au ukodi gari lenye hema juu? Kwa familia za Kigoma na Tabora

Wadau habari zenu. Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia najua kuna baba na mama huko Kigoma au Tabora wanapiga hesabu ya kuwapeleka watoto Katavi, walale kwenye hema, wapike wenyewe, na ubishi unakuwa ule ule, tuchomeshe tela tufunge nyuma ya Hilux yetu au tukodi Land Cruiser yenye hema kwenye paa? Yale magari makubwa ya Marekani yenye kitanda na choo ndani siyaongelei hapa, njia za ndani ya hifadhi hayaziwezi.

Wengi wanaanza na bei. Anza na ratiba. Kama mnapiga kambi sehemu moja, tuseme ufukweni Ziwa Tanganyika siku nne tano, tela linawafaa sana, unalifungua unaliacha kambini mahema yamesimama, gari linabaki jepesi mnaenda zenu Ujiji kuwaonyesha watoto pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, mnapitia sokoni kuchukua migebuka, mkirudi kila kitu kipo. Hema la kwenye paa halikupi hiyo nafasi, hata ukitaka kwenda kununua mkaa tu lazima ulikunje kwanza. Ila kama kila usiku mnalala kwingine, leo Uvinza, kesho Mpanda, keshokutwa Sitalike halafu mnarudi kwa Ipole mpaka Tabora, hapo kufungua na kufunga tela kila asubuhi kutawamaliza, gari moja lenye kila kitu ndo mpango. Gombe na Mahale usiziingize kwenye hesabu hii, kule mnaenda kwa boti.

Sasa kukodi. Magari ya aina hii mengi yako Arusha na Dar, na Kigoma mpaka Dar ukifuata reli tu ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo siku za gari kuja na kurudi unalipa wewe, na wese wewe, na posho ya dereva wa kulileta wewe. Ndo maana kwa safari ya siku tatu mimi simshauri mtu wa Kigoma akodi, labda awe na wiki mbili. Uliza kama kilomita za siku zina kikomo, uliza kama ni bima kubwa na ajali ikitokea wewe unachangia shilingi ngapi, uliza likiharibikia porini huko Koga nani anakuja. Na hili linasahaulika sana, angalia namba ya gari. Hifadhi za TANAPA ada ya gari inaenda kwa uzito, na lenye namba za nje linalipa zaidi kuliko la namba zetu, sasa gari la nchi jirani ulilolipata kwa bei rahisi linaweza kukutoa jasho getini. Halafu hakikisha AC inafanya kazi maana Katavi ina mbung'o, na wale wanafuata gari linalotembea, mtataka vioo vifungwe. Watoto wasivae nguo za bluu na nyeusi, zinawavuta.

Kwenye tela naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu barabara zetu tunazipita na wanafunzi, ng'ombe na watu wa baiskeli wamebeba mkaa, tela likikushinda huumii peke yako. Kitabu cha gari kinakupa namba mbili za uzito linaoruhusiwa kuvuta, ya tela lenye breki zake na lisilo na breki. Hilux nyingi za dizeli za miaka hii zinaruhusiwa mpaka kilo 3,500 tela likiwa na breki, lisipokuwa nazo ni 750 tu. Sasa tela nyingi za kuchomelea mtaani hazina breki, kwa hiyo namba yako ni 750, na hapo ndani kimo na chuma cha tela lenyewe. Maji lita 100 ni kilo 100 hizo, ongeza mtungi wa gesi, jenereta, mahema, tairi la akiba, utashangaa ilivyoisha haraka. Usikadirie kwa macho, azima mizani ya magunia upime.

Ukishapakia, weka ile ncha ya kuunganishia juu ya mizani tela likiwa limelala sawa. Inatakiwa isome kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote, yaani tela la kilo 600 lisome 60 mpaka 90. Ikisoma chini ya hapo ujue mzigo umelalia nyuma na hilo litayumba ukishika spidi, sogeza vizito viwe juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Likianza kuyumba barabarani usikanyage breki kwa nguvu na usipigane na usukani, ushike unyooke, achia mafuta taratibu mpaka litulie. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kiungo, taa na indiketa za tela ziwake, beringi ziwekwe grisi mpya, na kila mkisimama gusa kikombe cha gurudumu, kikiwa cha moto kuliko mwenzake usiendelee. Tela pia linataka namba yake ya usajili na bima, malizana na TRA mapema kabla trafiki hajakuuliza.

Kabla hujaamua kabisa, azima tela la jirani uende uwanja wa mpira jioni ukafanye rivasi. Shika usukani kwa chini, kule unakotaka tela liende ndo upeleke mkono. Panga ndoo mbili upite katikati yake, na mwenzako ambaye mtapokezana usukani naye afanye. Mmoja wenu akishindwa kabisa, basi safari hii kodini gari, tela msubiri mpaka wote wawili mliweze.