Sikiliza "Amina" kwa sikio la teno

Naimba sauti ya tatu, yaani teno, kwaya ya kanisani, na wanakwaya wapya huniuliza jambo lilelile: nitajuaje melodi ni ipi na hamonia ni ipi?

Melodi, au tuni kama tunavyoiita mazoezini, ni ile inayokubakia mdomoni unapofua nguo. Ipige mluzi. Mluzi hutoa noti moja moja, kwa hiyo unachokipiga ndicho hicho. Kisha ifuate kwa mkono: ikipanda inua, ikishuka teremsha, ikiruka mkono nao uruke. Mwimbaji akivuta pumzi, simamisha mkono. Mara nyingi hapo ndipo kifungu kinapoishia.

Hamonia inataka subira, na mimi huifundishia "Amina" ya mwisho wa wimbo wa ibada, ile yenye kordi mbili tu, yaani mafungu mawili ya noti zinazolia pamoja. Katika mpangilio uliozoeleka, tukizitaja noti kwa majina ya do, re, mi, fa, so, la, ti, sauti ya kwanza wanaimba do, halafu do tena. Hawasogei kabisa. Sauti ya pili wanatoka la kwenda so, sisi teno tunatoka fa kwenda mi, besi wanaiacha fa na kutua do. Waache sauti ya kwanza waimbe peke yao: utasikia noti moja iliyorudiwa, basi. Sasa waimbe wote wanne. Do ni ileile, lakini ya kwanza inaning'inia na ya pili imefika nyumbani. Kilichobadilika ni kilicho chini yake, na hicho ndicho hamonia.

Ile fa kwenda mi naipenda mno. Kwenye kinanda, ukiwa ufunguo wa C, yaani do ikiwa kibao cha C, vibao hivyo viwili vimegusana, hakuna cheusi katikati. Ni nusu hatua tu, lakini teno mmoja akibaki kwenye fa, Amina nzima inagoma kutua. Jaribuni muone.

Nyumbani, tumia spika kubwa au visikilizi, maana spika ya simu humeza besi. Wimbo uleule uusikilize mara mbili. Mara ya kwanza fuata tuni kwa mkono. Mara ya pili sahau mwimbaji, shika besi, na kila inapohama gonga meza. Si kila mara, lakini mara nyingi kordi nayo imehama. Baadaye tafuta wenzako wawili mshikilie do, mi na so, kisha wa mi ashuke nusu hatua. Chumba kizima kitaingia huzuni kwa sababu ya mtu mmoja.

Ukija kwenye taarabu ya zamani ya Zanzibar, usihangaike kutafuta sauti nne. Ala za nyuzi kama fidla, kanuni na udi kwa kawaida hufuata tuni ileile ya mwimbaji, kila kimoja kikiipamba kwa namna yake. Huko, acha meza, tumia mkono.