Namna ya Kusoma na Kufundisha Kazi za Jeni ya Hspd1 ya Panya

Mwalimu wa Baiolojia wa kidato cha sita hapa Mtwara anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi kazi za jeni moja zinavyochunguzwa na kuthibitishwa, hatajuta akiichagua Hspd1. Jeni hii hubeba maelekezo ya kutengeneza HSP60, protini mlezi, yaani inayozisaidia protini nyingine kujikunja hadi zipate umbo lao la kazi, nayo hufanya kazi ndani ya mitokondria. Panya anayehusika ni yule mdogo wa nyumbani, Mus musculus, wala si panya buku wa mashambani, na ni vyema jambo hilo lisemwe mapema kabla darasa halijajijengea picha nyingine.

Anza na neno joto, kwa sababu hilo ndilo linalopotosha. Jina la kundi hili, protini za mshtuko wa joto, chimbuko lake ni uchunguzi wa Ferruccio Ritossa uliochapishwa mwaka 1962, ambapo kromosomu za nzi wa matunda waliopata joto zilivimba mahali maalumu. Mwanafunzi anayelijua joto la Lindi la mwezi Novemba atadhani kwamba jeni hii huamka siku kama hizo tu na kulala siku nyingine. Mwondolee wazo hilo bila kusita. HSP60 hufanya kazi wakati wote katika mwili wa panya mwenye afya, na kinachobadilika ni kiasi chake, ambacho huongezeka seli inapotaabika. Tena taabu yenyewe si lazima iwe joto: mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba protini iliyoshindwa kujikunja ikirundikana ndani ya mitokondria za seli za mamalia, ishara hufika hadi kwenye kiini na HSP60 huongezeka, ilhali HSP70, mwenzake wa kundi hili, ya nje ya mitokondria haiongezeki.

Kisha chora safari ubaoni. Ingawa protini hii huishi mitokondria, jeni yake imo katika kiini cha seli, kwenye kromosomu ya 1 ya panya. Chora pia jirani yake Hspe1, jeni ya HSP10. Jeni hizi mbili zimepeana mgongo, zinasomwa kuelekea pande tofauti, na sehemu ya kuziwashia iliyo katikati yao ni moja. Mpangilio huo una maana, kwa kuwa protini zao hufanya kazi pamoja. HSP60 hutengenezwa nje ya mitokondria ikiwa na asidi amino 573, na zile 26 za mwanzo ni kama anwani inayoipeleka mitokondria, ambako hukatwa baada ya kuingia. Molekuli saba za HSP60 huungana kuwa pete yenye uwazi katikati, na molekuli saba za HSP10 huwa kifuniko chake.

Hapa usiharakishe. Protini changa iliyoingia mitokondria ikiwa imenyooka huingia katika uwazi ule, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hushikamana na pete, kifuniko hushuka, na protini hujikunja humo peke yake kabla ya kuachiwa. Katika unyago wa kusini mwali huwekwa ndani, mbali na macho ya watu, hadi siku ya kutoka, na mfano huo wanafunzi wetu wataushika mara moja. Hata hivyo waeleze pia unapokomea: kungwi humfundisha mwali, bali HSP60 haiifundishi protini umbo lake. Umbo hilo limo tayari katika mpangilio wa asidi amino za protini yenyewe, na kazi kubwa ya chemba ni kuizuia isigandamane na nyingine kabla haijakamilika.

Sasa nenda kwenye orodha ya kazi za jeni hii. Hifadhidata ya Mouse Genome Informatics, inayotunzwa na Jackson Laboratory ya Marekani, inasomwa bure. Kama mtandao wa shule hauaminiki, fungua ukurasa wa Hspd1 kwa simu yako usiku na unakili mistari michache. Kazi zimegawanywa katika makundi matatu: kazi ya molekuli yenyewe, mchakato inaoshiriki, na mahali inapopatikana. Kando ya kila mstari kuna alama ya ushahidi, nayo isomwe kwanza. IDA inaonyesha kwamba jambo lilipimwa moja kwa moja, IMP kwamba lilibainika kwa kuchunguza jeni iliyobadilishwa, ISO kwamba limechukuliwa kutoka jeni ya asili moja ya kiumbe mwingine, na IEA kwamba liliwekwa na kompyuta. Mistari inayohusu mfumo wa kinga huwashangaza wengi. Waache washangae, kisha waulize kila mstari umesimama juu ya ushahidi gani.

Kosa kubwa la wasomaji wa orodha hizi ni kuchanganya kazi ya protini na matokeo ya kukosekana kwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba viinitete vya panya visivyo na nakala yoyote nzima ya Hspd1 hufa kati ya siku ya 6.5 na 7.5 ya mimba. Hilo halimaanishi kwamba HSP60 ni protini ya kukuza mimba. Linamaanisha kwamba kiinitete hakiwezi kuendelea pasipo mitokondria zenye protini zilizojikunja sawasawa.

Kwa zoezi, tumia panya wenye nakala moja tu nzima. Hao huzaliwa na kukua, lakini uzeeni hupata udhaifu wa kutembea, na katika uti wa mgongo wao kimeng'enyo changamano cha III cha mitokondria, kimoja cha vile vya kuzalisha nishati, hupungua. Ongeza kwamba kwa binadamu, badiliko la asidi amino ya 98 ya HSP60, kutoka valini kuwa isolusini, husababisha ugonjwa wa kurithi wa kukakamaa miguu. Waulize kwa nini neva ndizo zinazoumia. Mpe alama zote atakayeunganisha kujikunja kwa protini, upungufu wa kimeng'enyo hicho na mahitaji makubwa ya nishati ya neva ndefu, na umpunguzie atakayeandika kwamba Hspd1 ni jeni ya kutembea.