Skani ya mimba ya miezi mitano ukitokea Pate

Anza na bahari. Sisi wa Pate tunaokwenda Amu (Lamu) kupimwa, maji yakipwa Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari njiani, haupitiki vizuri, basi muulize nahodha tangu jioni.

Nenda kati ya wiki ya 18 na 22, viungo vinaonekana. Beba kijitabu cha kliniki, tarehe ya hedhi ya mwisho na leso kuukuu ya kupangusia jeli. Vaa sketi na blauzi. Dera utalipandisha mpaka kifuani.

Baba naye aingie. Wangu aliganda mlangoni, nikamvuta mkono. Tulipoonyeshwa moyo, mdogo kama kokwa ya tende, vyumba vinne vikifunguka na kufunga, alishika ukingo wa kitanda akasoma Fatiha kimyakimya. Sijamwona vile tena.

Mpimaji akinyamaza usishtuke: anapima kichwa, uti wa mgongo, figo, mfupa wa paja. Jinsia ulizeni mwisho. Kwanza ulizeni kondo la nyuma limekaa wapi. Likiwa chini, karibu na mlango wa kizazi, mara nyingi husogea juu mimba ikikua, ila lazima urudi upimwe karibu wiki ya 32. Na damu ikitoka, hata kidogo, usingoje boti ya asubuhi.